Uzoefu wangu na KVM: kupiga hodi kwenye mashine pepe

Tangu mwezi wa tatu naitumia KVM, sehemu ya Linux ya kuendeshea mashine pepe (kompyuta ya kuigiza ndani ya kompyuta halisi), kuandikia haipavaiza yangu ndogo, yaani programu inayoisimamia mashine hiyo, jioni baada ya kazi, chumbani kwangu huku Mabatini, Mwanza. Laptopu ni ya mtumba, prosesa ya Intel. Kuianza hakuna kazi: KVM imo ndani ya kerneli, kiini cha Linux, tangu toleo la 2.6.20 la mwaka 2007. Washa VT-x, uwezo wa prosesa wa kuendesha mashine pepe, kwenye BIOS (mipangilio ya kuwashia kompyuta), ukiliona faili la /dev/kvm umeshafika. Hata bando halikuliwa, maana kvm.h, faili lenye majina na namba zote za KVM, ilikuwa tayari kwenye diski.

Kumbukumbu na rejista nilizimaliza kwa siku mbili. Interapti, ishara za vifaa zinazoikatiza prosesa kazi, zikanila wiki tatu.

Mashine pepe ina mlango wake. Ikitekeleza cli, amri ya kuzuia interapti, biti ya IF inayoziruhusu inazimika na mlango umefungwa. Labda ndiyo kwanza inapanga jedwali lake la interapti. Saa yangu ya kuigiza ikilia wakati huo, sina ruhusa ya kuingia. Napiga hodi: naweka request_interrupt_window kuwa 1, naiacha iendelee na shughuli zake. Ikishatekeleza sti, amri ya kuziruhusu tena, na kuwa tayari, KVM inaisimamisha na kunirudia na sababu namba 7, KVM_EXIT_IRQ_WINDOW_OPEN. Hiyo ndiyo "karibu" yenyewe, na hapo ndipo natuma interapti kwa KVM_INTERRUPT. Utaratibu huu umetulia, sijauona ukiniangusha hata mara moja.

Kilichoniangusha ni namba nilizozitupa ovyo kwenye kodi yangu. Saba hapa, tano pale, na kwenye irq, namba inayopewa KVM_INTERRUPT, nikaandika 0, kwa kuwa kwenye PC saa iko laini ya 0 (laini ni waya wa kupitishia ishara ya kifaa). Basi kila saa ikilia, mashine inachapa kosa la kugawa kwa sifuri. Sikuwa nimegawa chochote! Siku ya tatu mdogo wangu, anayesoma diploma ya kompyuta, akainama kwenye skrini: "Kaka, hii sifuri ni laini au ni vekta?"

Nilikosa jibu. Nyaraka za KVM zinasema wazi kwamba irq hapo ni namba ya vekta, yaani nafasi kwenye jedwali la interapti, si laini, na vekta 0 ndiyo kosa la kugawa. Mimi ningeiita vekta tangu mwanzo. Jina la irq linapotosha, na hilo ndilo dosari pekee ninayoitaja kwa uchungu. Usiku uleule nikaandika LAINI_YA_SAA 0, VEKTA_YA_MSINGI 32, na VEKTA_YA_SAA ikawa jumla yake. Ni 32 kwa sababu Intel imejiwekea 0 hadi 31.

Wenyewe wa kerneli nao wamewahi kusafisha majina. Biti iliyoitwa CPU_BASED_VIRTUAL_INTR_PENDING sasa ni CPU_BASED_INTR_WINDOW_EXITING, na ni haki yake: haisemi kuna interapti inayosubiri, inaiamuru prosesa itoke kwenye mashine pepe mlango ukifunguka.

Anayetaka kujifunza haipavaiza aichukue KVM, ila asome kvm.h kabla hajaandika namba yoyote. Juzi usiku nukta zilianza kutokea kwenye skrini, moja kila saa inapolia, mdogo wangu akizihesabu kwa sauti.