Neno Moja la Kiingereza kwa Siku: Uzoefu Wangu wa Miezi 14

Kwa miezi 14 sasa nimekuwa nikipokea kila asubuhi barua pepe yenye neno moja la Kiingereza cha ngazi ya juu, pamoja na maana yake, matamshi, asili na sentensi mbili za mfano. Nilijiunga kwa sababu nilikuwa nikisoma makala za kitaalamu bila taabu kubwa, lakini kila nilipotakiwa kuandika nilijikuta nikirudia maneno yaleyale machache, na kila jambo zito likawa "important".

Kinachostahili sifa zaidi ni maelezo ya asili ya maneno. Siku lilipoletwa "candid", linalomhusu mtu asemaye wazi bila kuficha, nilijifunza kwamba limetokana na neno la Kilatini lenye maana ya weupe, na kwamba "candidate" lina mzizi huohuo kwa kuwa wagombea wa vyeo katika Roma ya kale walivaa vazi lililotiwa weupe. Sijalisahau hata moja kati ya hayo mawili. Vivyo hivyo, ukishajua kwamba ndani ya "eloquent" (mwenye ufasaha) mna kitenzi cha Kilatini cha kusema, basi "loquacious" (mwenye maneno mengi), "colloquial" (la mazungumzo ya kawaida) na "soliloquy" (kujisemea peke yako) unayapokea kama ndugu wa nyumba moja.

Udhaifu mkubwa ni kwamba neno likishapita halirudi. Mwanasaikolojia Mjerumani Hermann Ebbinghaus alikwisha kuonyesha mwaka 1885 kwamba tunachojifunza bila kukirudia hutoweka kwa kasi zaidi katika siku za mwanzo, na mimi nililithibitisha hilo mwezi wa tatu, nilipojipima na kugundua kuwa mengi niliyatambua kwa sura tu. Hapo ndipo nilipoanza kutumia kadi na visanduku kwa utaratibu wa Sebastian Leitner: kadi niliyoijibu sawasawa husogea kisanduku cha mbele na kusubiri muda mrefu zaidi, na niliyoikosea hurudi cha kwanza. Bila kadi hizo, nakiri, huduma hii isingenifaa sana.

Jambo la pili limenigharimu aibu kidogo. Maana pekee haitoshi, kwa sababu maneno huchagua wenzake wa kuandamana nao. Sisi tunapiga pasi, tunapiga simu na tunapiga picha, na mgeni anayejua tu kwamba kupiga ni kuchapa hawezi kukisia hata kimoja. Nilipopokea "mitigate" likiwa na maana ya kupunguza ukali, niliandika kazini kwamba tu-"mitigate" bei, hadi mwenzangu aliponieleza kwa upole kuwa neno hilo huandamana na hatari, madhara au athari. Sentensi mbili za mfano hazikunionyesha mpaka huo; laiti zingekuwa tano.

Uchaguzi wa maneno nao hauna mpango unaoeleweka. "Defenestration", yaani kumtupa mtu nje kupitia dirishani, linavutia, ila sijapata pa kulitumia. Mtafiti wa msamiati Averil Coxhead alichapisha mwaka 2000 orodha ya familia 570 (neno pamoja na maumbo yatokanayo nalo) za maneno yanayojirudia katika maandishi ya kitaaluma, ambayo kwa mwendo wa moja kwa siku ingemalizika kwa takriban miezi 19, na ningefurahi sana kama huduma ingeanzia huko. Isitoshe, mtafiti mwingine wa msamiati, Paul Nation, alikadiria mwaka 2006 kwamba kusoma riwaya na magazeti bila msaada kwa Kiingereza kunahitaji familia za maneno 8,000 hadi 9,000. Kwa mwendo huu ni zaidi ya miaka 20, kwa hiyo sehemu kubwa ya msamiati wangu naendelea kuipata kwa kusoma vitabu vizima.

Naipa nyota 3 kati ya 5, nami bado ni msajiliwa. Nimewaandikia wahusika nikiomba kila neno lirudishwe baada ya wiki moja na tena baada ya mwezi. Wakilitekeleza hilo, nitaongeza nyota ya nne siku hiyohiyo.