ePing: arifa za bure kwa anayeuza parachichi na kahawa nje

Ushuru wa Marekani unajulikana siku ileile unapotangazwa. Kiwango cha mabaki ya viuatilifu kinaweza kushushwa Ulaya na muuzaji akaja kujua kontena likiwa limeshazuiwa bandarini. Pengo hilo ndilo linalozibwa na ePing, huduma ya WTO (Shirika la Biashara Duniani), Umoja wa Mataifa na Kituo cha Biashara cha Kimataifa, iliyoanza 2016. Inatuma arifa kila nchi inapowasilisha WTO taarifa ya kanuni mpya ya bidhaa, mara nyingi ikiwa bado rasimu. Haina malipo.

Jisajili kwenye eping.wto.org, weka namba ya HS ya bidhaa, yaani namba ya forodha ya kimataifa (080440 kwa parachichi, 0901 kwa kahawa), chagua masoko, kisha arifa za kila siku. Za kila wiki zinachelewesha. Muda wa kutoa maoni kuhusu rasimu unaopendekezwa ni siku 60, na majibu ya maabara pekee yanaweza kula sehemu kubwa ya huo.

Usitegemee namba ya HS peke yake. Taarifa za viuatilifu hubeba jina la kiambato cha dawa, na mazao hutajwa kwa jumla tu. Tafuta pia kila dawa inayopigwa shambani, kwa tahajia ya kwenye kopo: chlorpyrifos, kwa mfano, ambayo Umoja wa Ulaya uliishusha hadi miligramu 0.01 kwa kilo mwaka 2020.

Ukifungua taarifa ya SPS (usalama wa chakula, afya ya mimea na wanyama), anzia kipengele cha 8. Hapo nchi inaulizwa kama kuna kiwango cha kimataifa, mfano cha Codex (viwango vya kimataifa vya chakula), na kama kanuni yake inalingana nacho. Ikiwa hailingani, inatakiwa ieleze inatofautiana wapi na kwa nini. Maelezo yakiwa mepesi, una hoja nzito. Tarehe ya mwisho ya maoni iko kipengele cha 12.

Upungufu upo. Lugha ni Kiingereza, Kifaransa na Kihispania tu, na hilo linawafungia nje wakulima wengi wanaoguswa na kanuni hizi. Ushuru haumo, wala masharti ya wanunuzi binafsi kama cheti cha kilimo bora cha GLOBALG.A.P. Hatua za dharura nazo huweza kufika zikiwa zimeshaanza kutumika. Hata hivyo naipa 4 kati ya 5. Chombo cha rufaa cha WTO, kinachosikiliza rufaa za kesi za biashara kati ya nchi, kimekwama tangu Desemba 2019 kwa sababu Marekani ilizuia uteuzi wa wajumbe wake, kwa hiyo kupinga kanuni ingali rasimu kuna thamani kuliko kungoja kesi. Uganda, Tanzania na Kenya ni miongoni mwa nchi zinazowasilisha taarifa nyingi zaidi za viwango, na zina kila haki ya kudai mataifa makubwa nayo yafanye hivyo.

Maoni usiyatume Brussels mwenyewe. Yapitishe kituo cha maulizo cha nchi yako, ofisi ya serikali inayoshughulikia taarifa hizi: kwa viwango ni mashirika ya viwango TBS (Tanzania), KEBS (Kenya) au UNBS (Uganda), kwa mimea Kenya ni KEPHIS, wakaguzi wa afya ya mimea. Taja namba ya taarifa, ambatisha vipimo vya maabara, na upeleke wiki tatu kabla ya mwisho, maana barua lazima ipite wizarani.