Kasha la diski 3 la Doctor Who: zimeni taa, kisha sikilizeni

Nimekuwa fundi wa redio na TV hapa Mombasa miaka 38, na kibanda nimekifunga mwaka juzi baada ya macho kukataa kazi ya kulehemu. Jioni zangu sasa ni ndefu. Mpwa wangu aliye Leicester, aliyechoka kunisikia nikizilalamikia tamthilia za Kituruki, alipokuja likizo aliniletea kasha la DVD liitwalo The Beginning. Lilitolewa mwaka 2006, naye amelipata kwenye duka la mitumba kwa bei ya sahani ya pilau. Ndani mna vipindi 13 vya kwanza kabisa vya Doctor Who, ile hadithi ya Waingereza ya mzee anayezunguka duniani na nje ya dunia, jana na kesho, kwa chombo chenye umbo la kibanda cha polisi cha kupigia simu.

Atakayeagiza aanzie hapa: diski ni za kanda ya 2, yaani zimefungiwa deki za eneo la Ulaya, na sisi huku tumo eneo jingine, kanda ya 5. Deki ya jina kubwa huenda ikazitema. Yangu ni ya Kichina, haina hata jina, ikazimeza bila kuuliza pasipoti. Tafsiri ya Kiswahili msitarajie, ila Kiingereza chao ni cha darasani, kinafuatika.

Kipindi cha kwanza kina dakika 25 tu. Walimu wawili wa London, wa sayansi na wa historia, wanamfuata mwanafunzi wao Susan usiku, maana msichana anajua mambo ambayo umri wake hauyaruhusu. Wanaishia kwenye yadi ya skrepu. Mna kile kibanda cha polisi. Ukikigusa kinatetema kama friji. Mzee anatokea, mkali, anawababaisha, lakini wanapenya mlangoni, na ndani mna ukumbi mzima. Mwalimu wa sayansi anazunguka akitafuta maelezo kama mteja aliyeambiwa bei ya spea.

Kilirushwa Jumamosi, Novemba 23, 1963, siku moja baada ya Rais Kennedy kuuawa. Akili za watu zilikuwa Marekani, BBC ikakirudia kipindi Jumamosi iliyofuata kabla ya kuonyesha cha pili. Aliyesimamia kazi yote alikuwa mwanamke wa miaka 27, Verity Lambert, na mwongozaji kijana wa miaka 24 mzaliwa wa Lucknow, India, Waris Hussein. Nikiwafikiria wawili hao katika ofisi za BBC za wakati ule, naona walikuwa na kazi mbili: kutengeneza kipindi, na kuvumilia macho ya wazee wa korido.

Lakini mimi nilikwama kabla hata ya hadithi kuanza. Ule muziki wa mwanzo nimeurudia mara tisa, nimehesabu. Aliyeuandika kwa nota ni Ron Grainer. Aliyeutengeneza ni binti mmoja wa karakana ya sauti ya BBC, Delia Derbyshire, na mwaka ule kinanda cha umeme cha kukutolea sauti zile hakikuwapo. Alichukua uzi mmoja uliokwanyuliwa, akaurekodi, akaucheza kwa kasi mbalimbali ili kupata nota za besi, kisha akakata utepe nota kwa nota na kuziunganisha. Ule mlio wa juu unaoteleza kama jini anayepiga mluzi unatoka kwenye mitambo ya kupimia, ambayo kazi yake ni kutoa mlio mmoja uliosimama, na mkono wa mtu ndio unaozungusha kitufe. Mimi nimeunga kanda za kaseti kwa wembe na selotepu maisha yangu yote; kiungo kimoja kibaya kinasikika kama mtu aliyejikwaa. Humu sikusikia hata kimoja. Inasimuliwa kwamba Grainer alipousikia aliuliza kama kweli ndio wake. Alitaka binti agawiwe mapato, utaratibu wa BBC ukakataa, na jina lake halikuandikwa kwenye skrini hadi mwaka 2013, naye ameshafariki miaka 12 nyuma.

Chombo nacho kinapoondoka hutoa sauti ya kukwaruza na kuhema. Mama Salma akaniita kutoka jikoni, "Baba Salma, hiyo pampu imeshika tena?" Nikamwambia si pampu, ni ufunguo. Brian Hodgson wa karakana ileile aliburuza ufunguo wa nyumba ya mamake juu ya nyuzi za piano kuukuu, akaichezea ile sauti kwenye utepe. Mama Salma akasema basi na sisi tuirekodi pampu yetu, huenda tukalipwa.

Kipindi cha 2, cha 3 na cha 4 rukeni. Watu wa mapangoni wanagombania moto, wanapiga kelele, wanavaa ngozi. Sisi tulipandisha bendera yetu Desemba 12, katikati ya cha 3 na cha 4, na nadhani tuliokuwa na shughuli nzuri zaidi ni sisi.

Diski ya pili ndiyo mali. Vipindi 7, sayari ya Skaro, na Dalek, wale maadui waliojifungia ndani ya magamba ya chuma, wanatokea kwa mara ya kwanza. Mwisho wa kipindi cha kwanza cha kisa hiki mwalimu Barbara yuko peke yake kwenye korido za chuma, milango inajifunga nyuma yake, anageuka na kupiga ukemi. Sisi hatuoni kinachomjia ila mkono mmoja tu, nao ni kile kimpira chenye mpini cha kuzibulia choo. Nilicheka. Kisha nikaona sicheki tena. Raymond Cusick, aliyewasanifu, aliwapa umbo ambalo halina miguu wala uso, na mtu anakaa ndani akilisukuma kwa miguu yake. Sauti ni ya mwigizaji iliyopitishwa kwenye saketi inayoikatakata, na inafanya kazi kuliko damu ya filamu za leo. Terry Nation, mwandishi, alipata mgao wa faida ya Dalek. Cusick alikuwa mwajiriwa, akapewa bahashishi.

Kilichoniudhi humo ni huyo huyo mzee wetu, Daktari, anayechezwa na William Hartnell. Anataka kwenda kuutazama mji, wenzake hawataki. Basi anadai chombo kimeharibika: kuna kifaa chenye zebaki, zebaki imekwisha, lazima tuitafute mjini. Uongo! Kifaa kizima, kakichomoa mwenyewe. Hao mafundi tunawajua, anayetoa kitu kizima kwenye redio yako na kukuapia kimeungua. Nilimkasirikia kama mtu wa mtaani kwetu, na hapo ndipo nilipojua Hartnell anajua kazi. Katika vipindi hivi si shujaa hata kidogo. Ni mzee mbinafsi, mwoga kidogo, mjanja, ambaye siku moja moja anasahau maneno yake na kuyatafuta mbele ya kamera. Hawakumkata. Kukata utepe wa video ilikuwa ghali, kwa hiyo walirekodi karibu kama matangazo ya moja kwa moja, na kosa likabaki. Liko hapo, na kuna kamera inayogonga kitu, na kuna kivuli cha maikrofoni.

Saba ni vingi, nakiri. Cha 5 na cha 6 watu wanavuka kinamasi na pango taratibu kama foleni ya feri ya Likoni.

Kisa cha tatu ni kifupi, vipindi 2, na fundi yeyote atakibusu. Pesa za mandhari zimekwisha, waigizaji ni wanne tu, wote wamo ndani ya chombo, na chombo kina wazimu: saa zinayeyuka, milango inajifungua, watu wanashukiana hadi mkasi unainuliwa. Kumbe chanzo ni nini? Springi ya swichi imekwama. Basi! Swichi ya kurudi haraka imebonyezwa, springi haikurudi, na kwenye paneli mtu wa studio ameandika jina la swichi kwa kalamu ya wino, mwandiko wa haraka, na kamera imeuonyesha wazi. Wapenzi wa hadithi wanakiona kisa hiki cha ajabu. Mimi nimeona TV ngapi zilizoletwa kwa kilio, tatizo likawa swichi ya shilingi kumi?

Diski ya kwanza ina pia jaribio la kipindi cha kwanza lililokataliwa na bosi, Sydney Newman, wakarekodi upya. Tazameni mlango wa chombo humo: unakataa kufunga, unajigonga-gonga, na waigizaji wanaendelea kuzungumza kana kwamba hawausikii. Daktari amevaa suti ya kawaida na tai, na ukali wake umepita kiasi. Newman alikuwa na haki.

Picha ni nyeusi na nyeupe, na safi kuliko nilivyotarajia, ukizingatia kwamba kanda zenyewe zilifutwa. Tunachotazama ni nakala za filamu ya milimita 16, zilizopigwa kwa kamera mbele ya skrini ili ziuzwe ng'ambo. Kisa cha nne, Marco Polo, vipindi 7, hakikunusurika hata kimoja. Kasha linakupa dakika kama 30 za picha mnato, juu yake sauti ambayo watazamaji waliirekodi majumbani. Vipindi zaidi ya 90 vya miaka ile bado havijulikani viliko. 9 vilipatikana Nigeria, mjini Jos, vikatangazwa mwaka 2013.

Nilitaka kuwalaani waliofuta. Utepe ulikuwa ghali, wakautumia tena. Kisha nikakumbuka Kombe la Dunia la 1994 na mama mmoja wa Majengo aliyeniachia deki yake, kanda ya harusi ya bintiye ikiwa ndani. Fainali ilikuwa inaanza na mimi sina kanda tupu. Alipokuja kuchukua vitu vyake nilimwambia mashine imeitafuna.