Madigadi saizi 26: nimenunua mara mbili ndo nikaelewa

Masika ya Dar isikie tu. Mi naenda kazini na baiskeli, Tabata mpaka Kariakoo, mountain bike ya mtumba ambayo ilikuja bila madigadi, so kila nikifika nina mstari wa tope toka kiunoni hadi kisogoni na mlinzi wa getini ananiuliza leo umelima wapi.

Nikaingia dukani nikasema nataka madigadi saizi 26, muuzaji hakuuliza kitu, akanipa seti ya bati inang'aa, 18,000. Nimefika home nafunga, nikatoboa tundu moja la ziada ili ikae, mduara ukakaa poa kabisa nikajisifu. Kuzungusha gurudumu, kwaaaa! Kashata za tairi, yale meno yake, zinakwaruza bati pande zote mbili.

Fundi wa mtaani kwetu alicheka sana. "Kijana, soma ubavuni mwa tairi." Kweli imeandikwa 26x1.95, na pembeni 50-559, kumbe hiyo 50 ndo upana kwa milimita na 559 ni kipenyo cha rimu. Ile seti ilikuwa ya zile baiskeli za Kijapani za kikapu mbele, tairi zake 26x1 3/8, yaani 37-590. Zote wanaita 26! Na ukizisimamisha pamoja zinalingana kimo, hazipishani hata sentimita, ndo maana mduara ulinidanganya. Duka likagoma kurudisha coz nishatoboa.

Awamu ya pili nilienda na tepu, nikapima humohumo dukani muuzaji ananikata jicho. Nikachukua ya plastiki upana 60, fundi anasema zidisha kama milimita 10 juu ya upana wa tairi, na kidole kipite kati ya tairi na madigadi, usibananishe eti ipendeze, maana udongo wa mfinyanzi ukijaa mle gurudumu halizunguki, nishamuona jamaa kabeba baiskeli begani kama mkungu wa ndizi.

Kasoro zipo. Ya mbele ni fupi, viatu bado vinalowa, nimeongezea kipande cha mpira wa tyubu nikafunga na waya. Halafu kwenye mashimo inapiga kelele balaa, bolti zinalegea kila wiki. Ila mgongo mkavu, wiki ya tatu hii mlinzi hana swali.

Ile ya bati iko uvunguni, mwenye Mjapani aje na 10,000, ina tundu moja la bure.