Uzoefu wangu: kutembelea na kuonja kwenye kinu cha mafuta ya zeituni, Baeza, Hispania

Wanaouliza kama inafaa kulipa pesa kwenda kutazama mafuta yakikamuliwa, jibu langu ni ndiyo, mradi uende msimu wa mavuno, kuanzia Oktoba mpaka Januari hivi, mashine zikiwa zinanguruma. Ukienda Julai utaonyeshwa chuma kilicholala na video ukutani. Mimi nimekulia Singida, kwenye alizeti. Foleni ya magunia kinuni naijua, joto la mashine ya kukamua nalijua, na najua mashudu yanavyogombewa na wenye ng'ombe. Kwa hiyo niliingia kwenye kinu hiki na macho ya mtu wa mafuta, na bado nilitoka na mambo mengi ya kusimulia.

Baeza ni mji mdogo wa majengo ya mawe katika mkoa wa Jaén, kusini mwa Hispania. Pamoja na jirani yake Úbeda uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2003. Lakini utakachokiona kabla ya mji ni mizeituni: vilima na mabonde, mistari kwa mistari, hadi macho yachoke. Mkoa huu una mizeituni zaidi ya milioni 60, na mwaka ukiwa mzuri Jaén peke yake hutoa mafuta mengi kuliko Italia nzima. Ukija kwa treni, kituo cha Linares-Baeza kipo mbali na mji wenyewe, hivyo hesabu na nauli ya basi au teksi.

Nilikwenda na mama mdogo wangu aliyekuwa amekuja kunitembelea kutoka Tanga. Yeye mafuta ya zeituni anayajua kwa matumizi mawili: kuchua watoto na wagonjwa, na dua. Kule nyumbani hununua kichupa duka la dawa, si duka la vyakula. Nilipomwambia tunakwenda kuyanywa kwenye kikombe, aliniangalia akasema, "Mwanangu, nitakunywaje dawa ya kuchulia?" Shikeni neno hilo, maana mbele kidogo yeye ndiye aliyeona jambo kubwa kuliko sote.

Kinu ni cha familia, kipo kando ya mji, katikati ya shamba. Tulilipa euro 12 kila mmoja, kuonja kukiwa ndani ya bei hiyo, na tuliweka nafasi mapema kwa simu. Ziara ilikuwa kwa Kihispania na Kiingereza kwa kupokezana, nami nikimfasiria mama mdogo.

Tulianzia uani, na hapo ndipo palinivutia kuliko sehemu zote za mashine. Matrekta yanaingia na matela yaliyojaa zeituni mbichi, na kila tela linaelekezwa upande wake: zilizochumwa mtini huku, zilizookotwa chini kule. Hazichanganywi hata kidogo. Iliyodondoka imeshaanza kuoza, na gunia moja baya linaharibu tangi zima. Kisha feni kubwa inapuliza majani, maji yanaosha vumbi na mawe, mzani unapima. Mwongozaji, dada mmoja aliyekulia kwenye kinu hichohicho, alirudia neno moja mara nyingi: haraka. Zeituni iliyochumwa asubuhi inatakiwa isagwe siku hiyohiyo, isizidi saa 24. Ikilala kwenye rundo inapata joto, inachachuka, na ladha hiyo haitoki tena.

Mtu wa alizeti lazima ashangae hapo. Mbegu ya alizeti ikikauka vizuri unaweza kuiweka ghalani ukisubiri bei, miezi na miezi. Zeituni ni tunda. Mafuta yapo kwenye nyama yake, kwa hiyo haya ni maji ya tunda yaliyotenganishwa na maji mengine, na yanaharakishwa kama tunda linavyoharakishwa.

Ndani, zeituni inaingia kwenye mashine ya nyundo, jamaa wa zile zinazosaga mahindi kwetu, na inasagwa pamoja na kokwa lake. Linatoka rojo la kijani-zambarau lenye harufu ya majani yaliyokatwa sasa hivi. Ningeweza kusimama pale mchana kutwa kwa ajili ya harufu ile tu. Rojo linakwenda kwenye mapipa marefu yenye visu vya kukanda polepole, nusu saa mpaka dakika 45, ili matone madogo ya mafuta yakutane yawe makubwa. Juu ya pipa kuna kipimajoto, na mwongozaji alitusimamisha tukisome: nyuzi 26. Sheria ya Umoja wa Ulaya inasema ukitaka kuandika kwenye chupa kwamba mafuta yametolewa kwa baridi, usipite nyuzi 27. Ukipasha zaidi unapata mafuta mengi zaidi, na harufu inaruka. Kwa hiyo mwenye kinu anachagua kila siku kati ya wingi na ubora, na chaguo lake limeandikwa kwenye kile kipimajoto. Kwa mtu aliyezoea mashine inayotoa mafuta ya moto yakitoa mvuke, hili linafundisha sana.

Baada ya hapo ni chombo kirefu cha chuma kinachozunguka kwa kasi ya maelfu ya mizunguko kwa dakika. Kizito kinakwenda pembeni, mafuta yanabaki katikati, yanatoka upande wake kwenye mfereji mwembamba, ya kijani kama rangi ya kuchovya. Hakuna kinachotupwa: makokwa yanachujwa na kuchomwa kama kuni za kupashia maji ya kinu, na uchafu mwingine wenye unyevu unauzwa kwa viwanda vinavyokamua tena mabaki ya mafuta. Nilipomwambia mama mdogo kwamba haya ndiyo mashudu yao, alitikisa kichwa kwa kuridhika.

Chumba cha zamani, chenye magurudumu ya mawe na mikeka ya ukili ya duara iliyokuwa inapangwa chini ya shinikizo, nitakipita haraka kwa sababu nao walikipita haraka. Kizuri nilichokiokota hapo ni kimoja. Mikeka ile haikuwa ikisafishika, ikabaki na mafuta ya jana na juzi, na mafuta mapya yakachukua uvundo wa yale ya zamani. Kwa hiyo msione picha ya mawe kwenye lebo mkadhani ndiyo alama ya ubora. Vinu karibu vyote vizuri leo vinatumia ile mashine ya kuzunguka.

Sasa kuonja, na hapa ndipo thamani ya tiketi ilipo.

Tulikaa kwenye meza ndefu, kila mtu na vikombe vidogo vya kioo cha buluu nzito, vimefunikwa. Buluu ni makusudi: usione rangi. Watu wengi wanaamini mafuta ya kijani ndiyo mazuri na ya manjano ni dhaifu, lakini rangi inategemea aina ya mzeituni na wakati wa kuchuma, haisemi lolote kuhusu ubora. Unakilaza kikombe kwenye kiganja, unakifunika na kiganja cha pili, unakipasha kwa joto la mwili mpaka nyuzi 28 hivi. Unafunua, unanusa kwa kina. Kisha unachukua funda dogo, unalizungusha mdomoni, unavuta hewa kupitia meno kwa sauti (ndiyo, kwa sauti, na hakuna anayekuona huna adabu), halafu unameza. Kumeza ni lazima, kwa sababu sehemu moja ya hukumu ipo kooni.

Ya kwanza ilikuwa ya Arbequina, aina moja ya mzeituni: laini, tamu kidogo, inanukia lozi na tufaha. Kila mtu aliipenda. Ya pili ilikuwa Picual, mzeituni mkuu wa Jaén, iliyochumwa mapema ikiwa bado kijani. Harufu yake ni majani ya nyanya ukiyasugua mkononi, ninaapa. Inaanza na uchungu pembeni mwa ulimi, kisha baada ya sekunde kadhaa inakuja pilipili kooni, na meza nzima ikaanza kukohoa. Mama mdogo alishika kifua. Mwongozaji akacheka kwa furaha, akasema kikohozi ndiyo sifa.

Sababu yake ni kitu kinachoitwa oleokanthali. Mwanasayansi wa Marekani, Gary Beauchamp, alipoonja mafuta mapya huko Sicilia alitambua kwamba muwasho ule wa kooni ni uleule wa dawa ya ibuprofeni ikimezwa katika hali ya maji. Mwaka 2005 yeye na wenzake wakatangaza kwamba oleokanthali inazuia uvimbe kwa njia inayofanana na ya dawa ile. Mwongozaji alikuwa mwangalifu kutuambia hii haina maana kwamba chupa ni tiba ya maumivu, na nilimheshimu kwa hilo, maana angeweza kutuuzia uongo na tungenunua. Alichosema ni kwamba uchungu na muwasho ni alama za mafuta mabichi, yaliyotoka kwenye tunda zima lenye afya.

Kikombe cha tatu hakutuambia ni nini. Tulinusa. Wageni wengine walikunja uso. Mama mdogo alinusa, akanusa tena, uso wake ukafunguka, akaniambia kwa Kiswahili, "Haya sasa ndiyo ninayoyajua! Haya ndiyo mafuta ya zeituni." Nilifasiri. Yule dada alinyamaza kidogo, kisha akaeleza kwa upole mkubwa kwamba kikombe hicho ni mafuta yaliyochacha: yamekaa miaka, kwenye chupa nyeupe, kwenye mwanga na joto. Harufu yake ni ya karanga za zamani, ya penseli za rangi.

Nimelifikiria sana jambo hili. Watu wangapi kwetu, pwani na bara, wamekuza watoto wakiamini kwamba harufu ya kuchacha ndiyo harufu halisi ya zeituni? Kichupa kimesafiri kwa meli, kimekaa ghalani, kimepangwa dirishani kwenye jua la Tanga, na mnunuzi hana kitu cha kulinganishia. Mama mdogo hakuona aibu wala hakukasirika. Alirudi kwenye Picual, akainusa upya, akauliza swali zuri kuliko yote ya siku ile: nitajuaje nikiwa dukani, chupa imefungwa? Majibu tuliyopewa nayaandika kama yalivyo. Tafuta chupa nyeusi au kopo, usinunue iliyokaa kwenye jua. Tafuta tarehe au msimu wa mavuno, si tarehe ya mwisho tu. Tafuta daraja la juu kabisa (kwa Kiingereza "extra virgin"), ambalo asidi yake haivuki asilimia 0.8 na ambalo waonjaji hawakukuta kasoro hata moja. Ukishafungua maliza ndani ya miezi michache. Mafuta haya hayazeeki kwa heshima.

Aliuliza pia kama mti huu ungeota Tanga. Kuota utaota, aliambiwa, ila mzeituni unahitaji majira ya baridi ili utoe maua vizuri. Kwetu mzeituni-mwitu upo, Wamasai wanauita oloirien na kufukizia vibuyu vya maziwa kwa moshi wake, lakini tunda lake ni dogo, nyama yake haba.

Kasoro za ziara sitazificha. Kundi lilikuwa kubwa mno kwa kinu kinachofanya kazi. Tuliosimama nyuma hatukusikia nusu ya maelezo karibu na mashine, na kwa mtu anayefasiri hiyo ni shida mara mbili. Wangetoa vipaza sauti vya masikioni. Kuonja kulipewa muda mfupi kuliko ile video ya historia ya familia, ambayo ingeweza kukatwa nusu bila hasara. Na mkate uliletwa mapema, watu wakaanza kuchovya kabla ya kumaliza vikombe. Cha kusafishia mdomo ni kipande cha tufaha na maji, mkate ungengoja.

Duka lao halikutubana. Bei ni ya juu ukilinganisha na dukani mjini, na sababu niliiona kwa macho: Picual ya mapema inakula kilo nane au zaidi za zeituni kwa lita moja, wakati ya katikati ya msimu inakula tano hivi. Ongeza ukame. Msimu wa 2022/23 Hispania nzima ilipata tani 660,000 hivi, chini ya nusu ya msimu uliotangulia, na bei ikapanda kila mahali. Nilichukua kopo la lita mbili la Picual ya kawaida kwa kupikia, kwa sababu inastahimili moto vizuri (nimekaangia samaki, sina malalamiko), na chupa ndogo ya ile ya mapema kwa saladi, maharage na nyanya mbichi.

Mama mdogo alichagua makopo, si chupa, akayafunga kwenye kanga katikati ya begi kubwa. Kwenye begi la mkononi hayakuruhusiwa, kila chombo kilitakiwa kisizidi mililita 100, na niliona mgeni mmoja uwanja wa ndege akinyang'anywa zawadi zake zote. Vaeni viatu vya kufunga visivyoteleza, sakafu ya kinu ina mafuta. Omba nafasi ya asubuhi siku ya kazi, makundi ni madogo. Na msipake manukato siku hiyo, mtawaharibia wenzenu pua.