Kwenda Kasri la Pena, Sintra: hesabu ya saa, basi la 434, na kwa nini gari libaki chini

Ukisikiliza malalamiko ya waliokwenda Kasri la Pena kule Ureno, mengi yanahusu njia. Kasri lenyewe, na kuta zake nyekundu na njano juu ya mlima wa Sintra, kilomita kama 25 kaskazini magharibi mwa Lisbon, linastahili sifa zote linazopewa. Ila liko kileleni, barabara ya kulifikia ni nyembamba, na tiketi yake ina saa. Asiyeielewa hiyo saa ndiye anayerudi na hasira.

Kwa hiyo nianze na tiketi. Inauzwa mtandaoni na Parques de Sintra, kampuni ya umma inayotunza bustani na majumba ya mlima huo tangu mwaka 2000. Unachagua siku, kisha kipindi cha kuingia. Kasri na bustani kwa pamoja ni kama euro 20 kwa mtu mzima. Bei zote ninazotaja hapa chukulia ni makadirio, maana hupanda mara kwa mara. Tiketi ya bustani peke yake ni nafuu zaidi, lakini haikuingizi kwenye vyumba vya kasri. Sasa sikiliza hapa vizuri: saa iliyoandikwa kwenye tiketi ni saa ya kuwa kwenye mlango wa kasri. Geti la bustani, pale basi linapokushusha, ni mahali pengine kabisa, na kati ya hapo na mlango kuna mwinuko wa mawe ambao wenyewe wanashauri uutengee nusu saa. Ukichelewa, wahudumu hawana wajibu wa kukuingiza, na siku ya watu wengi hawakuingizi.

Kwa hiyo hesabu inapigwa kwa kurudi nyuma. Tuseme umepata tiketi ya 11:00, yaani saa tano asubuhi. Geti la bustani uwe umefika saa nne na robo. Basi kutoka stesheni ya Sintra hupanda kwa dakika 15 hadi 20 njia ikiwa nyeupe, lakini kuanzia Juni hadi Septemba foleni ya kulipanda inaweza kukula nusu saa nyingine, kwa hiyo stesheni uwe umeshuka saa tatu na robo. Treni inachukua dakika 40. Maana yake uondoke Lisbon saa mbili na nusu, na kama una watoto wadogo au wazazi wenye magoti mabovu, saa mbili kamili. Anayeona tiketi ya saa tano akadhani ataondoka hotelini saa nne, huyo ameshaikosa.

Treni naipa alama zote. Inaondokea Rossio, katikati kabisa ya Lisbon, jengo lile la mapambo mengi lenye milango miwili mikubwa iliyopinda kama kwato. Usibabaike ukiingia na kukuta hakuna reli: majukwaa yako juu, unapanda ngazi za umeme. Kabla ya hapo nunua kadi ya Navegante, ile ya karatasi ngumu, senti 50, kila mtu na yake. Mke na mume hawawezi kupita getini kwa kadi moja. Iwekee salio la kawaida la pesa, wao wanaliita zapping, kwa sababu salio hilo linatumika kwenye treni, metro na mabasi ya jiji. Safari moja hadi Sintra ni kama euro 2 na nusu. Mashine inapokukatalia kuongeza salio, mara nyingi ni kwa sababu kadi bado ina tiketi ya aina nyingine iliyonunuliwa metro; kadi hiyo haibebi aina mbili kwa pamoja. Usipoteze muda kubishana na mashine, nunua kadi nyingine. Na uitunze, kwa sababu utaigusisha tena kwenye geti la kutokea.

Kuna mtego mmoja kwenye ubao wa treni ambao hauandikwi vya kutosha. Reli hiyo ina treni zinazoishia Mira Sintra-Meleças, na jina hilo lina neno Sintra ndani yake. Hizo hazifiki Sintra unayoitaka. Zinaachana na reli yako baada ya Agualva-Cacém. Kama umeshapanda, shuka Agualva-Cacém usubiri treni iliyoandikwa Sintra tupu. Sintra yako ni kituo cha mwisho, kwa hiyo treni ikiwa sahihi huna haja ya kuhesabu vituo.

Anayetua uwanja wa ndege wa Lisbon na kutaka kwenda moja kwa moja hana sababu ya kuingia mjini. Achukue metro ya mstari mwekundu, vituo vitatu tu hadi Oriente, halafu treni ya Sintra inayopita Entrecampos na Sete Rios. Safari ni ndefu kidogo kuliko ya kutoka Rossio, ila unaepuka kuburuta masanduku katikati ya jiji. Jingine ni migomo. Wafanyakazi wa reli Ureno hugoma, na mgomo hutangazwa siku kadhaa kabla. Tazama tovuti ya CP, shirika la reli, kabla ya kulipia tiketi ya kasri, kwa sababu siku ya mgomo treni zinabaki chache au hazipo.

Ukitoka stesheni ya Sintra utakutana na watu wa bajaji za kitalii, tena wachangamfu. Wengine watakuambia basi limejaa au limechelewa. Kituo cha basi kiko nje tu ya stesheni, nenda ukaone kwa macho yako. Basi ni namba 434. Linapita mji mkongwe, linapanda hadi Castelo dos Mouros, ile ngome ya Waislamu wa zama za kati, kisha Pena, halafu linashuka. Ni mzunguko wa upande mmoja, na hili lina athari yake: ukishuka Castelo huwezi kuvuka barabara ukangoja basi la kukurudisha chini, ni lazima lipite Pena kwanza. Castelo na Pena lakini zinapakana, kwa miguu ni dakika kama 10, kwa hiyo hapo katikati usingoje basi kabisa. Tiketi ya kupanda na kushuka siku nzima inazidi euro 10 na inafaa tu kama utaitumia kweli. Mwenye mpango wa kupanda kwa basi na kushuka kwa miguu anunue ya safari moja.

Kushika nafasi ya kukaa, panda stesheni. Mji mkongwe ni kituo kinachofuata, na basi hufika pale limeshajaa, watu wanaachwa. Barabara ya kupanda ni kona juu ya kona, mwenye kichefuchefu cha safari asimame mbele. Waliopanda Lushoto kwa basi wanaijua hali hiyo, ila hapa ni fupi.

Basi hizi huanza kuelekea saa tatu asubuhi. Kwa hiyo mwenye tiketi ya kipindi cha kwanza, 9:30, asilitegemee. Na kipindi cha kwanza ndicho bora kuliko vyote: vyumba vya kasri ni vidogo, watu wanapitishwa kwa mstari mmoja, na ikifika saa sita mchana unatazama migongo ya wenzako kuliko samani. Kwa saa hiyo ya mapema panda teksi au gari la programu ya simu kutoka stesheni. Asubuhi hupatikana bila taabu na yanaruhusiwa kupanda. Kurudi kwa njia hiyo ni habari nyingine. Mchana madereva hawapendi kupanda kufuata abiria mmoja katikati ya msongamano, wanakubali kisha wanaghairi, na mtandao wa simu kwenye miti ile hausaidii. Bajaji za kitalii zinashuka pia. Patana kabla ya kukaa, na uulize wazi kama bei ni ya kichwa au ya chombo kizima. Hilo ndilo linalozua ugomvi.

Kwa miguu inawezekana, na mwenye afya namshauri. Kutoka stesheni hadi mji mkongwe ni kilomita moja ya barabara tambarare, Volta do Duche, yenye kivuli. Kutoka mji mkongwe kuna njia ya Vila Sassetti: unapita bustani ya nyumba hiyo ya zamani bila kulipa, unapanda kwa vijia vya mawe na ngazi hadi chini ya majabali ya Penedo da Amizade, ambako utaona watu wakikwea kwa kamba, kisha unatokea jirani na Castelo dos Mouros. Tenga saa nzima. Mwinuko ni zaidi ya mita 200, na mvua ikinyesha mawe yanateleza vibaya; kandambili ziache. Kushuka kwa njia hiyohiyo ni raha zaidi kuliko kupanda, na ndivyo ninavyopendelea: basi kupanda, miguu kushuka.

Sasa gari. Jibu langu ni fupi: usipande nalo. Barabara ya kwenda Pena imefungwa kwa magari binafsi ya wageni, na sehemu za mji mkongwe vilevile. Ramani ya simu inaweza kukuelekeza huko huko, utakutana na alama za kukataza na kulazimika kuzunguka mtaa wa njia moja ambao haukurudishi ulikotoka. Hakuna maegesho ya kungojea getini. Aliyekodi gari aje kwa IC19, barabara kuu kutoka Lisbon, ila asiingie wakati wa watu kwenda na kutoka kazini maana husimama. Au azunguke kwa A5 na A16, zenye tozo, na aulize kampuni ya kukodisha kama gari lina kifaa cha kulipia tozo. Aegeshe Portela de Sintra, kituo cha treni kabla ya kile cha mwisho, penye maegesho makubwa. Hapo ni kituo kimoja kwa treni, au dakika kama 15 kwa miguu hadi stesheni ya Sintra. Usiache begi linaloonekana kitini. Kwa familia ya watu wanne au watano gari linaweza kuwa nafuu kuliko treni, sikatai, mradi ulichukulie ni la kufika Sintra tu na mlimani utapanda kama wengine.

Turudi getini. Ndani ya bustani kuna kibasi cha kulipia kando, euro chache, kinachopanda hadi karibu na kasri. Mwenye mzee, mjamzito au mtoto wa kigari asijiulize mara mbili, ile njia ni mwinuko mkali wa mawe ya kupangwa. Lakini kibasi nacho kina foleni, kwa hiyo hakikuokoi ukiwa umebakiza dakika 10. Bustani ina mageti zaidi ya moja. Lile la chini, la upande wa maziwa, halina msongamano wa geti kuu, na ukilitumia unapanda kupitia madimbwi ya bata na miti mikubwa ya kutoka nchi za mbali iliyopandwa kwa amri ya mfalme Ferdinand II. Ni kurefu zaidi, lakini ndiko bustani ilivyokusudiwa kuonekana.

Ferdinand ndiye aliyenunua mwaka 1838 magofu ya monasteri iliyokuwa hapo juu, akaijenga upya kuwa kasri chini ya usimamizi wa Eschwege, mhandisi wa migodi kutoka Ujerumani. Monasteri yenyewe ilijengwa kwa amri ya mfalme Manuel I, na kwa msomaji wa pwani jina hilo si geni: ndiye aliyemtuma Vasco da Gama, na katika enzi yake Kilwa na Mombasa zilishambuliwa mwaka 1505. Ua wa ndani wa monasteri hiyo, wenye vigae vya karne ya 16, bado upo ndani ya kasri, na wengi wanaupita haraka. Ukitaka kuufuata uzi huo zaidi, Museu Nacional de Arte Antiga kule Lisbon ina chombo cha ibada kiitwacho Custódia de Belém, kilichokamilika 1506, kilichofuliwa kwa dhahabu ya kodi aliyotozwa mtawala wa Kilwa.

Hali ya hewa ni jambo la usafiri pia. Mlima wa Sintra unanasa unyevu wa Atlantiki, na ukungu unaweza kulifunika kasri lote wakati Lisbon jua linawaka. Beba koti jepesi hata Agosti. Kiangazi kikiwa kikali mamlaka hufunga mlima wote kwa hatari ya moto, barabara na bustani pamoja, kwa hiyo siku za joto kali tazama tangazo la Parques de Sintra asubuhi kabla ya kupanda treni. Upepo mkali nao hufungisha bustani.

Kushuka, foleni ya 434 getini huwa mbaya zaidi kati ya saa tisa na saa kumi na moja jioni. Ondoka kabla ya hapo, au shuka kwa miguu. Na mwenye nguvu bado asirudi Lisbon kwa treni ileile. Kutoka Sintra kuna basi la Carris Metropolitana namba 1624 linalopita Cabo da Roca, ncha ya magharibi kabisa ya bara la Ulaya, na kuishia Cascais. Salio lako la Navegante linafanya kazi humo. Cascais unapanda treni inayofuata bahari hadi Cais do Sodré. Kaa upande wa kulia.