Uso wa saa ya zamani: niliomba kusafishiwa, nikapakiwa rangi upya

Moyoni nilikuwa nimeshawapa nyota tatu mafundi wa nyuso za saa niliowapelekea uso huu, kabla sijaweka lenzi jichoni. Ukiutazama kwa mbali, uso unapendeza: weusi umetulia, reli ya dakika, ile duara ya vistari vya dakika, imenyooka, hakuna unywele wala kipovu chini ya vanishi. Halafu nikauinamisha kwenye taa ya pembeni, nikaona herufi zina kivuli.

Asiyezijua saa hizi atauliza kivuli kina kosa gani. Hii ni saa ya mwanzoni mwa miaka ya 1960, uso mweusi wenye maandishi ya dhahabu, na kwenye nyuso za aina hiyo ile "dhahabu" si rangi. Ni shaba ya njano ya bamba lenyewe. Kiwandani walipiga kwanza chapa ya maandishi kwa vanishi ya kukinga, wakalitumbukiza bamba kwenye dawa inayopitishwa umeme, likashika weusi kila mahali isipokuwa palipokingwa. Kisha waliitoa ile kinga na kupaka vanishi angavu juu ya vyote. Kwa hiyo herufi imekaa chini kidogo ya weusi unaoizunguka, na ukigeuza uso inawaka na kuzima, kwa sababu ni madini matupu. Hawa wamekwangua kila kitu mpaka kwenye shaba, wakapuliza rangi nyeusi, kisha wakagonga rangi ya dhahabu juu yake kwa muhuri wa silikoni. Herufi zimevimba juu ya uso kama ukurutu. Hazimetameti hata uzigeuze vipi. Ni njano ileile iliyopooza.

Maelekezo niliyowapa yalikuwa mistari miwili: ondoeni kutu ya kijani iliyoko ukingoni karibu na namba 4, msiguse maandishi. Nilipowauliza, nikajibiwa: "Ulitaka ing'ae, imeng'aa." Basi. Hata "pole" hakuna.

Sikutaka ing'ae! Kung'aa ndiko kulikokuwa kunakwepwa.

Tuje chini ya namba 6. Pale palikuwa na neno moja tu, SWISS. Sasa pameandikwa SWISS MADE. Sababu naijua, na ndiyo inayoniudhi zaidi: kuchonga bamba jipya la chapa kwa ajili ya uso mmoja ni kazi na ni gharama, kwa hiyo wanachomoa lolote lililoko drooni linalokaribiana. Lakini lile neno dogo si pambo. Nyuso zenye "T SWISS T" au "T<25" zinatangaza kwamba rangi ya kung'aa gizani ina tritiamu, yenye mionzi hafifu, na hiyo 25 ni kikomo cha milikyuri, kizio cha mionzi. SWISS peke yake, kwenye uso wa umri huu wenye rangi ya kung'aa, mara nyingi ni radiamu, yenye mionzi mikali zaidi. Fundi atakayeifungua baadaye atasoma nini?

Na hapo ndipo nyota ya tatu ilipoanguka. Ile rangi ya kung'aa ya kwenye namba wameitoa yote, wakaweka ya kisasa iliyotiwa ukahawia ili ionekane kongwe. Mishale hawakuigusa. Matokeo yake, usiku namba zinawaka na mishale haionekani, na ukisogeza kipimo cha mionzi juu ya mishale kinalia. Rangi ya radiamu haizimiki kwa sababu radiamu imekwisha. Kinachochoka ni salfaidi ya zinki, unga unaotoa mwanga, iliyochanganywa nayo. Radiamu-226 yenyewe huchukua miaka 1,600 hivi kupungua nusu. Tritiamu hupungua nusu kila baada ya miaka 12.3, na mionzi yake haipenyi hata kioo cha saa, ndiyo maana kipimo hunyamaza. Kwa hiyo rangi iliyokufa na bado inaliza kipimo huikwangui kikavu, kwani vumbi lake ukilivuta halitoki. Wale mabinti wa New Jersey, Marekani, waliokuwa wakipaka nyuso za saa na kuchongoa brashi za radiamu kwa midomo walishalipa gharama ya somo hilo karibu miaka 100 iliyopita. Niliuliza unga wa zamani waliutoaje na wameupeleka wapi. Swali hilo hawakulijibu kabisa.

Anayesitasita kati ya kupaka uso upya na kuuacha asianze na rangi. Aanze na chapa. Shika lenzi ya kukuza mara 10, pita reli ya dakika mstari kwa mstari, kisha jina, kisha neno la chini. Chapa ikiwa ipo yote, uache uso, hata kama umegeuka kahawia, una madoadoa, au vanishi imepasuka nyufa nyembamba kama utando wa buibui. Hayo hayaendelei sana maji yasipoingia, na maji huingilia zaidi kwenye kifundo cha kutilia ufunguo, raba yake ikishakauka ikawa ngumu kama kucha. Badilisha raba, badilisha kioo kama kina ufa, mashine isafishwe na itiwe mafuta, uso urudi ulivyo. Vumbi lipulize kwa kipulizio cha mkono. Uchafu uliogandia gusa kwa Rodico, ule ute wa mafundi unaofanana na udongo wa kuchezea: gusa na kuinua, usisugue, na anzia ukingoni panapofichwa na kasha. Ukiona weusi umebaki kwenye ute, acha hapo hapo.

Maji, spiriti, dawa ya meno, pamba yenye mate: vyote hapana. Kwenye nyuso nyingi za rangi ya fedha chapa imekaa juu ya vanishi, nyembamba kuliko unavyofikiri. Pamba yenye unyevu ikipita mara moja tu inaondoka na reli ya dakika. Unabaki na uso msafi ajabu usio na dakika.

Enameli ni habari nyingine. Hiyo ni kioo kilichoyeyushwa juu ya shaba nyekundu kwenye tanuri la nyuzi 800 hivi, na namba zilizochomewa humo hazitishwi na maji. Ufa ulioshika weusi hufifia uso ukiloweshwa kwenye maji ya vidonge vya kusafishia meno bandia. Angalia tu jina, maana mara nyingine limeandikwa kwa rangi isiyochomwa, nalo huondoka.

Kupaka upya kunafaa pale shaba imebaki tupu, nusu ya maandishi yameliwa, au uso ulishapakwa upya na mtu mwingine. Hilo la mwisho utalijua kwa reli ya dakika isiyokutana na alama za saa, kiduara cha sekunde kilichokaa upande, au neno la chini lililokatwa na ukingo. Hapo hakuna unachoharibu. Ila kabla hujaachia uso, piga picha za karibu sana, dai bamba la chapa lichongwe kutokana na picha hizo, na uandikiwe kama rangi ya kung'aa itatolewa au itaachwa. Akikwambia "bamba tunalo tayari", chukua uso wako uondoke.

Haki yao niwape. Mguu mmoja wa uso, kati ya ile misumari miwili ya nyuma inayoushika kwenye mashine, ulikuwa umevunjika. Wameulehemu upya, umesimama wima, uso unaingia bila kusukumwa. Kazi hiyo si rahisi: joto la lehemu hubabua rangi ya upande wa mbele, ndiyo maana fundi anayetaka kuokoa uso wa asili hukimbilia vibandiko vya gundi vya pande mbili. Labda huo mguu ndio uliowapa kisingizio cha kukwangua yote. Wangeniambia tu. Ningechagua vibandiko.

Basi nilifika kwenye nyota mbili, na nikataka kuongeza kwamba uso uliokwisha kabisa ningewapelekea tena, kwa sababu mkono wa kupuliza rangi wanao.

Nimeutoa tena kwenye kasha niupige picha za kuambatanisha hapa. Ukingoni, mkabala na namba 3, kuna pengo dogo la tupa, lile wanalochonga wapaka upya ili uso usizunguke kwenye kishikio wakati wa kugonga chapa. Saa ikifungwa halionekani. Kwenye picha nilizopiga kabla ya kuwapelekea, ukingo ni mzima.

Nyota moja.